Chupa si Mtu, Milembe

Mpendwa mwanangu Milembe,

Mwangaluka, huko uliko. Najua kwenu saa hizi inaweza isiwe asubuhi, lakini mimi nakuamkia kwa jua langu.

Tafuta kiti ukae kwanza. Mimi nimeshakaa. Juzi nilikwenda Sola kumwona mama yako mdogo Minza, nikamkuta amekonda, nguo inamning'inia, anakohoa hadi anashika ukuta. Nikasema nimpikie choroko. Nikatia mkono kwenye kapu lake la mbegu, nikagusa kitu kigumu nikadhani ni kokoto. Nikavuta. Kipande cha kanga, kimefungwa fundo. Nikafungua. Milembe, vilikuwa vidonge vyake vya kifua kikuu. Vile alivyopewa hospitali akavimeze nyumbani kila siku. Vimejaa bahasha kwa bahasha, tangu msimu wa pamba, hajagusa hata kimoja.

"Minza, hivi ni nini?"

"Si unaviona."

"Mbona viko kwenye choroko?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Dada, najisafisha tumbo ningojee dawa ya Milembe. Si ulisema nijiweke tayari?"

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, na kanga yangu mpya. Sufuria ya maji ilichemka mpaka ikakauka, ndiyo harufu iliyoniamsha.

Barua hii ni ya wazi. Mwalimu mmoja wa shule ya hapa ataipiga taipu, na nakala moja nitaibandika kwenye ukuta wa kituo cha pamba pale Dutwa, mahali pale pale nilipofungulia mdomo wangu. Nilimwuliza Minza kama niache jina lake. Akasema, "Liandike. Sikuona haya kufa, nitaona haya kuandikwa?" Kwa hiyo naandika kama alivyonituma: Minza ana kifua, na ana virusi vya UKIMWI, amepimwa vyote viwili. Wanaomnong'ona wapumzike sasa.

Unajua elimu yangu ni ya darasa la nne. Lakini mwandiko wangu mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa anaupeleka kuwaonyesha madarasa ya juu, hilo na wewe unalijua maana nimekuambia mara nyingi. Na akili yako umeitoa kwangu, baba yako asikie asisikie.

Unakumbuka vibuyu vitatu? Hukuwa umeanza hata shule. Nilitoka kupalilia nikakuta maziwa yote ya asubuhi umeyagawa: kibuyu kimoja umekifukiza moshi kama ninavyofanya mimi, kingine umekiosha kwa maji ya moto, cha tatu umekiacha na uchafu wake. Umevipanga ukutani unavisubiri. Maziwa ya siku nzima! Nilichukua fimbo. Wewe ukasimama, machozi yanakutoka, ukasema, "Mama, sikuyaharibu. Nimeyauliza."

Fimbo ikanishinda kuinua. Kesho yake ulinionyesha kipi kimewahi kuchacha na kipi bado, na tangu siku ile nilijua nimezaa mtu. Wenzangu walizaa watoto wazuri, sikatai. Mimi nimezaa mtu anayeuliza maziwa na maziwa yanamjibu.

Halafu ukaja likizo ile ya msimu wa pamba, umetoka huko ughaibuni na koti lako la baridi mkononi, jua la Dutwa linakucheka. Tulikuwa juu ya marobota uani, mimi, wewe na Minza. Yeye alikuwa katikati ya dawa zake, amenona, kikohozi kimeanza kumwachia. Akakuuliza, "Sasa hii baiokemia yako inafanya nini na huyu mdudu wetu?" Nikakaza masikio, maana watu huniuliza nami najibu tu kwa kicheko.

Ukauangalia mtaa. Msimu ule wanunuzi binafsi ndiyo walikuwa wamejaa, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja na turubai lake, hujui huyu katoka wapi na yule anakwenda wapi. Ukasema virusi ni mnunuzi mjanja asiye na jinneri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Hana mashine, hana wafanyakazi, peke yake hawezi kuchambua hata kilo moja. Anachofanya ni kuingia kwenye jinneri ya watu akiwa na karani wake. Karani huyo ananakili oda ya bosi wake kwa mwandiko wa mwenye jinneri, anaichomeka kwenye daftari. Wafanyakazi wakisoma wanadhani tajiri wao ndiye ameandika. Wanafanya kazi usiku na mchana kumtengenezea mgeni, mpaka jinneri inakufa.

"Karani huyo ndiye tunamwita kimeng'enya," ulisema. "Mimi natafuta kitu cha kumshika mkono asiandike."

Minza akauliza upesi, "Umekipata?"

Ukamshika goti. Naiona mikono yako hadi leo, kucha fupi kama za mwanamume. "Mama mdogo, zipo dawa nje zinazomzuia, hazimtoi, na huku bado hazijafika. Mimi natafuta nyingine. Kuna kimoja kimemshika karani, lakini ni kwenye chupa. Chupa si mtu. Kitu kinachoua mdudu kwenye chupa kinaweza kumwua na mtu. Inaweza kupita miaka, na mwisho wake tukakitupa."

Maneno hayo yote niliyasikia, Milembe. Sikuwa nimelala. Ila nilipoinuka pale nilibeba mawili tu: kimemshika karani.

Wewe ukaondoka. Siku moja tuko kwenye foleni ya mizani pale kituoni, watu wamekaa juu ya pamba zao wanangoja, na mahali pa kungojea unajua mdomo haulali. Mama Kulwa, yule jirani yetu wa kisimani, akaanza.

"Mama Milembe, mwanao bado anasoma tu? Wangu kashanipa wajukuu watatu."

"Anafanya utafiti wa virusi," nikamjibu.

"Anasoma mdudu asiyeonekana!" Akawageukia wengine. "Si aje huku asome kupe, tunao wa kuonekana!"

Watu wakacheka mpaka mpima mizani akaacha kupima. Mwanangu, unanijua. Mtu akinicheka mimi, namwacha. Akikucheka wewe, damu inapanda. Nikasimama juu ya robota, na mwili wangu huu, nikasema kwa sauti: "Cheka! Dawa ya UKIMWI imepatikana, imo kwenye chupa ya mwanangu! Nimeambiwa na mwenye chupa!"

Pakawa kimya. Kimya kile, Mungu anisamehe, kilikuwa kitamu. Wazee wakanipisha mbele ya foleni. Wiki ile niliamkiwa na watu ambao hawajawahi kuniamkia. Wengine walikuja hadi nyumbani, wanakaa, wanaongea habari za mvua, halafu wakati wa kuaga wanauliza polepole: "Mayu, mama yetu, ile dawa inafika lini?" Nami sikuwarudisha. Nilisema, "Iko njiani." Kila nikisema, naona kama kweli iko njiani.

Minza alipoulizwa huko Sola na watu waliotoka Dutwa, alifunga safari akaja. Aliuliza kama wale wengine. Nilikuwa nachambua mchele, sikuinua hata macho. Nikamwambia, "Jiweke tayari."

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Babu yetu alipokwenda kupata dawa kubwa kwa mganga, sharti la kwanza lilikuwa kuacha dawa nyingine zote, tumbo likae tupu, zisipigane ndani. Mimi na Minza tulikua tukiona hivyo, hakuna aliyetufundisha kwa mdomo, kama tusivyofundishwa kutembea. Kwa hiyo aliposikia kutoka kwangu, dada yake mkubwa, kwamba dawa kubwa inakuja na ajiweke tayari, alifanya vile mtu mwenye adabu anavyofanya. Aliacha. Na hakuvitupa vidonge, maana ni mtu wa shukrani, alivitunza penye mbegu.

Ndicho kinachonishtua hadi sasa. Hakuwa mzembe. Alinitii.

Nilimpeleka hospitali Nyalikungu siku ileile, kwenye kiti cha mbele cha basi, kichwa chake begani kwangu, mwepesi kama mtoto. Nesi wa kifua alifungua ile kanga mezani, akavitazama vile vidonge, akatutazama.

"Nani aliyekwambia uache?"

Minza akaiangalia ile kanga. Akasema, "Nilisahau, nesi."

"Umesahau kila siku?"

Ndipo sauti yangu ikatoka, sijui hata ilitoka wapi. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Alieleza taratibu, kama wewe. Kwamba mdudu wa kifua akionja dawa halafu akaachwa, anaweza kuizoea. Kwamba makohozi yatapimwa upya, dozi itaanza mwanzo kabisa, na Minza atamezea mbele yake kila asubuhi. Kwamba kifua kinapona hata kwa mwenye virusi, ilimradi ameze. Nikamwuliza kama tumechelewa. Akasema, "Sijui, mama. Tuombe dawa bado zinamweza huyo mdudu."

Sijui. Mtu aliyesoma, amevaa nyeupe, anasema sijui mbele ya mgonjwa. Nikakukumbuka wewe juu ya robota. Na wewe ulisema sijui, kwa maneno marefu, na mimi niliona haya kwa ajili yako. Nilidhani sijui ni neno la wasiosoma. Nikakuvika neno lingine nililoona linakupendeza, kama vile nilivyokuwa nakuvika gauni la Krismasi linalokubana.

Nisamehe. Na wewe usifanye haraka kwa ajili yetu. Usije na kitu ambacho hujakiuliza vizuri. Uliza kama ulivyouliza maziwa, na kikikujibu vibaya kitupe, nami sitalia. Ninachokuomba ni kimoja: mwandikie Minza kwa mkono wako mwenyewe, mstari mmoja unatosha, "Mama mdogo, meza hizo ulizopewa." Mimi nimemwambia, nesi amemwambia, lakini ni wewe aliyekuwa anakungoja.

Tumefikia kwa shemeji hapa Nyalikungu, hospitali tunaifikia kwa mguu. Leo asubuhi Minza amemeza mbele ya nesi, akapanua mdomo, akatoa ulimi, akaukunja juu na chini kuonyesha hakuna kilichofichwa. Nesi akaandika. Tulipotoka nje akanishika mkono, akasimama kupumua. Nikadhani anataka kuanguka.

"Dada," akasema, "na wewe panua mdomo. Tuone kama bado kuna dawa ya Milembe humo ndani."

Tukacheka, yeye akakohoa, mimi nikalia, watu wanatushangaa.

Jumamosi nakwenda Dutwa na gundi yangu. Nitabandika barua hii, nitasimama chini, si juu ya robota, niwaambie wote walioniuliza kwamba hakuna dawa iliyo njiani, kila mtu ashike aliyopewa hospitali. Mama Kulwa atacheka. Na acheke. Nitamwambia ni kweli, mwanangu hajaipata, na Dutwa nzima ni mwanangu huyo peke yake anayejua kwa nini hajaipata.

Funga koti lako vizuri, mwanangu, na ule.

Ni mimi mama yako, niliyekuacha na vibuyu vyako bila kukupiga.