Mgongo Wako Kwenye Jukwaa la Duara

Mama yangu mpenzi,

Wameuvunja ukumbi wetu. Nilipita jana na basi nikitoka kazini, nikaona pale pote pamezungushiwa mabati, na picha kubwa ya fleti zitakazojengwa. Nikashuka kituo kisicho changu, nikasimama kama mfiwa. Habari hii ningempa nani kama si wewe?

Wewe ndiye uliyenisimulia historia yake. Ulijengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, watazamaji wakae pande zote, waigizaji wawe katikati. Michezo ikakosa watu, wakaletwa wanamuziki, ukafungwa mtambo chini ya jukwaa lizunguke polepole, kila upande uione sura ya mwimbaji. Wanamuziki nao wakahamia kumbi za mjini, ukabaki wa kukodishwa: leo harusi ya Wagujarati kutoka Kingsbury, kesho ibada ya Wakongo. Miaka ya tisini tukaingia sisi, Wazanzibari wa Barking, huku huku London, na Idd yetu, sambusa tumezificha ndani ya mabuibui kwa kuwa chakula cha nje kilikatazwa.

Mwanzo ulikataa kuimba. "Taarabu gani ya kuwapa watu mgongo? Wakubwa zangu wamekaa nyuma, miye niwageuzie kisogo?" Bi Zuhura, shoga yako uliyekuwa ukisafisha naye maofisi, akakujibu, "Si linazunguka? Kila mtu utamgeukia kwa zamu yake." Ukakubali. Hamkufikiri kwamba na mafumbo yangezunguka.

Ule ubeti wa jirani mchonganishi ulimkusudia mtu wa safu za mlangoni, na wote tulimjua. Lakini jukwaa likaenda zake, na ulipofika kwenye neno lenyewe ukawa uso kwa uso na mama mkwe wa Bi Zuhura, bibi wa watu katulia na tasbihi yake. Akainuka. Tukadhani anaondoka kwa hasira. Kumbe anakuja kukutunza. Akakubandika noti kwenye ushungi, akasema, "Umenipata, mwanangu." Lisemwalo lipo; mpaka leo sijui alimchonganisha nani.

Mimi nilikuwa mdogo, na kila uso wako ulipopotea nililia. Ulipomaliza nilikung'ang'ania kule nyuma ya ukumbi na Kiingereza changu, "Mum, you keep going away," kwamba kila mara unaniacha. Ukanifuta kamasi kwa ncha ya kanga. "Nikikupa mgongo usilie. Nazunguka tu, narudi."

Basi nikajifunza kusubiri. Kwanza ilitokea hereni, kisha shavu, kisha jicho moja linalonitafuta safu ya mbele. Ukinipata uliinua nyusi kidogo, watu wasijue. Nimependwa na watu wengine baada yako, mama, lakini hakuna aliyewahi kunitafuta vile.

Tulipoingia miaka ya elfu mbili mtambo ukafa, na wenye ukumbi hawakuutengeneza. Idd ile ya mwisho uliimba ukizunguka kwa miguu yako mwenyewe, na magoti yale yaliyochakazwa na sakafu za watu. Bi Zuhura akakuletea kiti. Ulikisukuma kando ukaendelea, asibaki mtu na kisogo chako. Ulipofika upande wangu ulikuwa unahema, na nyusi uliinua.

Miaka michache baadaye ukawa hospitali. Asubuhi ile ya mwisho Bi Zuhura alisema tukuelekeze kibla. Kitanda kilikuwa kimebanwa ukutani, na kibla kilikuwa upande huo huo wa ukuta. Tukakugeuza kwa ubavu wako wa kulia, taratibu, naye akakusomea shahada sikioni. Mimi nikawa nimebaki upande wa mgongo wako. Sikulia. Watu wakasema nina moyo mgumu. Hawakujua kwamba nilikuwa nasubiri hereni.

Nina hamu nawe, mama. Wanangu wananijibu kwa Kiingereza kama nilivyokujibu, na ninapotoka kwenda kazini mdogo hulia mlangoni. Namwambia maneno yako yale yale, na jioni nikirudi namwinulia nyusi kabla sijavua koti. Hucheka. Hajui amemchekea nani.

Jana nilisimama kwenye yale mabati mpaka mvua ikaniingia viatuni. Jukwaa halipo tena, lakini miguu unayo. Mimi nimekaa pale pale uliponiacha, na silii.

Zunguka, mama.

Mwanao wa safu ya mbele