Nina Mimba ya Miezi Saba, Mume Wangu Hajui Kuwa Nilishonwa

Mpendwa Hajiya Gambo, naomba msaada wako, na usishangae nikianza kwa kicheko, maana nina mimba ya miezi saba na mtoto anacheza tumboni mpaka nguo inatikisika! Mimi niliozwa mdogo, nikashikwa na uchungu siku tatu nyumbani, mtoto akatoka amekufa, na tangu hapo mkojo ukawa unanichuruzika usiku na mchana, mume akanirudisha kwa mama, nikakaa miaka sita nikila peke yangu kibandani, hadi wauguzi wakaja kijijini kutangaza kwamba fistula, tundu hilo la uzazi linalovujisha mkojo, inatibika, nikaenda, Daktari Rahanatu akanishona mara mbili, nikapona kabisa! Aliniambia, “Ukishika mimba, usisubiri uchungu. Njoo mapema tukuzalishe kwa upasuaji.” Kisha Lawali, fundi cherehani wa hapa Zinder, akanioa, na mimi kwa haya sikumwambia neno. Sasa mama yake, Inna Delu, ameshaandaa chumba na mkunga, nami nilipotaja hospitali akanirukia: “Mwanamke wa kwetu anazaa ameuma meno! Unataka kupasuliwa kama mbuzi wa sikukuu?” Lawali akacheka tu. Hajiya, nikisema, si ataniacha kama yule wa kwanza?

Hindatu, Zinder

Hindatu binti yangu, hongera! Nilipiga vigelegele ofisini mpaka mlinzi akachungulia. Lakini jambo hili halikuwa la kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile, na niliyokwambia nayarudia hapa wenzako wasikie.

Miezi saba umenyamaza, una akili kweli? Uchungu ukikukuta kwenye mkeka wa Inna Delu, kovu linaweza kuchanika, na mnaweza kufa nyote wawili. Haya gani hiyo ya kukuzika? Hukumkosea mtu. Ulicheleweshwa kufika hospitali, basi. Nikakuamuru: mwambie Lawali leo, na kesho mwende nyote wawili kwa Daktari Rahanatu.

Ukamwambia. Naye akaweka mkasi chini, akasema, “Dada yangu alifia kwenye uzazi wa nyumbani kama huo. Wewe ulitaka kuniambia lini, kaburini?” Akaenda mwenyewe kwa mama yake. Sijui walisemezana nini, ila najua Inna Delu alikuwa wa kwanza kufika wodini na uji wake wa mtama, akiwafokea wauguzi, “Mkwe wangu mmempa mto mwembamba hivi?”

Na juzi Jumanne, mimba ikiwa imetimia, kabla uchungu haujaanza, akatolewa msichana mwenye sauti ya kuuzia samaki! Mama mzima, mtoto mzima!

Sasa nisikilize. Usiinue ndoo mpaka daktari akuruhusu. Lawali naye asubiri ruhusa hiyohiyo, nimeshamwambia, akaitikia kwa adabu. Mimba nyingine ikija, hospitali tena, bila mjadala. Na wewe unayesoma haya huku umejifungia kwa aibu, umefunga kitambaa kinacholowa: vaa viatu, nenda hospitali leo. Mwambie muuguzi wa mlangoni, “Mkojo unanitoka, nataka kushonwa.” Ni hayo tu.

Hajiya Gambo