Kabla Hujamfukuza Dereva

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mbinga hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama umfukuze dereva wako kwa kuwa analalamikia breki kila siku?

Wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua kahawa huku, babu yako aliendesha lori la mmoja wao. Asubuhi moja alimwambia mbele yangu, "Bosi, pedali ya breki inazama. Twende gereji kwanza."

"Kahawa haisubiri. Kama unaogopa, madereva wapo wengi."

Lori lilifeli breki kwenye mteremko wa kwenda Kitai. Tukamzika babu yako.

Makaburini bosi alinishika mkono. "Mama, ni mapenzi ya Mungu."

Niliuvuta mkono wangu. "Mungu hakukukataza kwenda gereji."

Niliposoma barua yako, mjukuu wangu, nilimsikia bosi yule.

Bibi yako