Uani Kwetu Kumepanda Ghorofani

Mama yangu uliyelala Maramba,

Waliokusanyika hapa leo wameniomba niseme neno la kuzifungua nyumba hizi. Nimewataka radhi, nao wameridhia: neno hilo nitalisema nawe, wao wasikilize. Nyuma yangu zimesimama nyumba za ghorofa ambazo jiji limezijengea familia za kipato kidogo, kwa kodi ambayo hata mshonaji kama wewe angeimudu bila kuuza cherehani. Tangu juzi familia zimeanza kuingia. Ndani yake, Mama, kuna kitu chako.

Unaikumbuka nyumba ya Ngamiani. Vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na kila chumba familia yake. Chetu kilienea kitanda cha chuma, cherehani na sisi watoto wako; ukitaka kugeuka, sharti mmoja wetu atoke. Lakini hatukuishi chumbani. Tuliishi uani. Alfajiri, aliyetangulia kuamka ndiye aliyewasha jiko, na wengine walimfuata na vifuu vyao kuomba kaa la moto. Ulitufundisha kwamba kaa halinyimwi, hata kwa jirani mliyenuniana naye jana. Ndiyo maana hakuna ugomvi uliovuka usiku mmoja katika nyumba ile.

Aliyeomba zaidi ya wote alikuwa Mama Tito, Mlutheri wa kutoka milima ya Usambara, ambaye mumewe alikata mkonge. Ulimngoja kwa hamu ya utani.

“Msambaa wewe! Baridi ya kwenu imekuganda mpaka vidoleni? Kila siku moto wa kuomba!”

“Nipe kaa, mwanamke wa Maramba. Sikuja kuomba hotuba.”

Nawe ulimchagulia lililoiva kuliko yote, na bada, ule ugali wa muhogo, likipakuliwa, sahani ya kwanza ilikwenda kwake.

Kisha nyumba ikauzwa, na mnunuzi akataka tuhame. Nakuona bado, umesimama barabarani na godoro lililofungwa kamba, wakati cherehani ikipakiwa kwenye baiskeli kupelekwa mtaa wa Makorora. Nilikwambia usilie, tutapata chumba kingine. Ukanijibu, “Mwanangu, siulilii ukuta. Nalia kwa kuwa huko tuendako sina wa kumwomba moto.”

Maneno hayo nilikuwa nayo siku mchoro wa nyumba hizi ulipobandikwa ukutani mbele ya watakaozikaa. Nilikuwa miongoni mwa wasanifu wake. Ulikuwa mchoro safi: kila familia na mlango wake, jiko lake dogo la ndani, na chini uwanja mpana wa kuegesha magari. Uani hapakuwapo. Mama Tito, sasa mvi tupu, alinyanyuka polepole.

“Nyumba nzuri, wanangu. Maharage tutapikia wapi? Kitandani?”

Mwenzangu akamweleza habari ya gesi.

“Gesi ninayo. Huisha maharage yakiwa bado mawe.”

Ukumbi mzima ulicheka, lakini mwenyekiti wa kikao hakucheka, wala sikumlaumu. Alisema kila uani utakaoongezwa utameza nafasi ya familia; je, ile itakayokosa nyumba tutaiambia nini? Swali lile liliuma. Kunyamaza kulikuwa rahisi, Mama. Nilisimama. Nikawaeleza Ngamiani, vifuu na kaa. Nikawaambia kwamba watu wasiojuana, siku ya shida kila mmoja hufunga mlango wake, na nyumba ya namna hiyo huhamwa hata kama haina mwenye kuiuza. Kisha nikauliza: wenye magari humu ni nani?

Mzee mmoja wa Makorora akainua mkono. “Mie nina baiskeli. Nayo hulala chumbani, karibu yangu kuliko mke wangu.”

“Na hainung’uniki!” mkewe akamjibu toka nyuma.

Uwanja wa magari ndio uliotoa nafasi: nyumba zilizopisha uani ghorofani zilishushwa pale. Hakuna familia iliyopunguzwa. Kila ghorofa sasa ina uani wake, wazi upande wa bahari, wenye bomba, kamba za kuanikia na mahali pa majiko, na milango sita inautazama. Nimechora majengo mengi yenye vioo na marumaru. Hili ndilo ninaloliita langu, na kila nilitajapo nalitaja kwa jina lako.

Mama Tito alipewa nyumba ya chini, akaikataa. “Mimi wa milimani,” alisema, “ngazi zitanitisha nini?” Asubuhi ya leo nimemkuta ghorofa ya pili, mbele ya jiko linalowaka. Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mwanamke kijana, mgeni, mtoto mgongoni na kifuu mkononi.

“Shikamoo, bibi. Naomba kaa.”

“Marahaba, mwanangu.” Akapekua jiko, akamchagulia lililoiva kuliko yote. “Chukua. Hotuba nitakupa kesho.”

Mama Tito alipogeuka aliniona, na sote wawili tukajua kwamba aliyesema ni wewe.

Pumzika, Mama. Huku kwetu moto unaombwa, na wa kumwomba yupo.

Ni mimi, kitinda mimba wako.