Kitambaa cha Kidole Gumba

Nakuru, 3 Machi 1955

Chamgei, Kogo, bibi yangu,

Hujambo? Na kifua je? Mimi mzima, ila moyo unachemka. Mwombe mwalimu Kimaiyo wa kanisa akusomee polepole.

Serikali imetoa amri mpya: mshahara hautapimwa tena kwa rangi ya mtu. Hospitalini tulipiga makofi. Micah, tunayefunga vidonda naye, aliruka juu. Kumbe karatasi ina mstari wa chini: mwanamke apate pungufu ya mwanamume, hata kazi ikiwa ile ile. Na Micah ni mimi niliyemfundisha kufunga bendeji! Tumepewa fomu tutie sahihi kabla Aprili haijaisha. Asiyekubali atafute kazi kwingine. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Chepkosgei

Gilgil, kwa Bwana Miwani, 20 Machi 1955

Chepkosgei, mjukuu wangu,

Chamgei. Unakula, au bado unaishi kwa chai? Kifua kinakohoa, lakini kinanifuata shambani, si mimi ninayekifuata.

Kimaiyo amesoma barua mara mbili. Hiyo amri wameiosha uso, wakaacha miguu.

Huku kwenye shamba la Bwana Miwani wanaume wanapalilia pareto, sisi wanawake tunachuma maua yake. Siku thelathini kwenye tiketi yangu ya kazi na siku thelathini kwenye tiketi ya mwanamume, nyapara anazichora kwa kalamu moja. Siku ya mshahara napewa nusu. Halafu karani ananishika kidole gumba, anakichovya kwenye wino, anakibandika kitabuni, eti nimekubali. Miaka kumi na minne nimekubali. Nani aliniuliza?

Usitie sahihi. Kimaiyo anataka kuandika "fikiri kwanza." Kimaiyo, andika nilivyosema. Usitie!

Alama ya kidole changu ndiyo hiyo chini, ujue ni mimi.

Kogo wako,
Chelangat

Nakuru, 2 Aprili 1955

Kogo,

Natumai umeamka vizuri. Mimi silali. Kwako ni rahisi kusema. Karo ya wadogo zangu inatoka kwenye mshahara huu. Nimeshika kalamu mara tatu. Nadhani nitatia sahihi.

Mjukuu wako

Gilgil, 12 Aprili 1955

Mjukuu wangu,

Afya yangu usiulize, soma kwanza.

Umesema kwangu ni rahisi. Nilikasirika siku nzima, jioni nikaona una haki. Mdomo haulipi karo. Basi Jumamosi, siku ya mshahara, mimi na Nabalayo, mchumaji mwenzangu, tukafunga vidole gumba kwa vitambaa. Wenzetu wakauliza, wakacheka, wakapasua kanga zao. Tukasimama foleni wanawake thelathini na mmoja.

"Mama, nipe kidole," karani akasema.

"Kinaumwa."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na minne."

"Basi nipe cha kushoto."

"Hicho kinamwuguza mwenzake."

Walicheka mpaka mbwa wa Bwana akabweka. Bwana Miwani hakucheka. Bila alama, kitabu chake hakifungwi. Amesema tusipofungua vidole tutahama, na nyumba yangu iko kwenye ardhi yake. Lakini maua yameshafunguka, nasi hatuchumi.

Sasa si rahisi kwangu pia. Tuko sawa.

Kogo wako (alama hiyo nimeweka ya kushoto)

Nakuru, 1 Mei 1955

Kogo wangu wa pekee,

U mzima? Una pa kulala? Nijibu hilo kwanza.

Jana fomu ilikuwa mezani. Nilikwenda nimefunga kidole gumba, kwa kitambaa cha sketi yangu, si bendeji ya serikali. Mkubwa wetu akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia ni ugonjwa wa ukoo. Nyuma yangu Wamaitha, muuguzi mwenzangu, naye amefunga. Tuko watano. Tumepewa siku kumi na nne. Micah ametia sahihi yake, lakini leo hakuweza kunitazama.

Wadogo zangu nimewaambia. Wamesema watachunga mbuzi mpaka tushinde. Njoo ukae kwangu.

Mjukuu wako,
Chepkosgei

Gilgil, 19 Mei 1955

Chepkosgei wangu,

Nalala kwangu. Moto unawaka, masufuria hayajatoka nje. Maua yameanza kuwa meusi, na jana Bwana Miwani alimtuma nyapara: tufungue vidole, atatupa robo tatu. Nikamwambia akamwulize Bwana kama mimi huchuma robo tatu ya ua.

Siku zako kumi na nne zimeisha. Wakikufukuza, panda gari uje, kitanda ni kipana. Wasipokufukuza, kaa hapo uwaangalie machoni.

Kimaiyo ananiletea wino kama kawaida. Nimekataa. Ukitazama chini hutaona alama, ya kulia wala ya kushoto. Usiogope, sijafa.

Vyote viwili nimevifunga.

Kogo wako