Sukari ya Chai Yako

Usenge, Agosti 1997

Kwako Zadock mume wangu,

Huku mvua imeharibu dagaa wangu wa omena nilioanika. Mombasa bado kuna joto?

Daktari wa Kisumu alinieleza kwa nini mimba zangu hutoka. Ndani ya seli za ovari kuna protini inayopitisha mafuta ili yatengeneze homoni ya kushikilia mimba. Protini yangu anadhani ni dhaifu. Nikamuuliza kama nikila samaki zaidi itapata nguvu. Akasema hapana, seli huitengeneza zenyewe.

Nilimwambia mama yako. Hakunigombeza. Alituma watu kwetu wakamleta mdogo wangu Amolo awe mke mwenzangu, akuzalie.

Ana adabu, na anafua vizuri. Jana aliniuliza chai yako unapenda sukari kiasi gani.

Bado sijamjibu.

Mkeo,
Beldina