Gari Si Mashua, Kaka Hamadi

Kaka Hamadi,

Ulifariki mwezi wa Shaabani mwaka jana, Jumatatu asubuhi, ukaniachia gari bovu na nusu ya sentensi. Gari nimeshalishughulikia. Sentensi ndiyo ninayokudai. "Lile gari, Mishi, usije uka..." ukakohoa, nesi akaja na mashine yake, nikatolewa nje, na niliporudishwa ulikuwa umeshafunikwa shuka. Usije uka nini? Ukaliuza? Ukaliacha lioze? Ukampa mtu? Tangu siku ile namalizia maneno yako kila namna, na hakuna namna inayokaa.

Sasa kapatikana mnunuzi. Mtu wa Arusha, anakusanya magari ya zamani, kaona picha yake kwenye simu ya mtu, kaingiwa na wazimu kama ulioingiwa nao wewe siku ile ulipolikuta kwenye banda la shamba la mkonge, viti viwili tu, boneti refu kuliko sehemu ya kukaa watu, kuku wanatagia ndani. Atakuja Jumamosi. Warithi ni Wifi Zuhura na mimi, kwa kuwa hukujaaliwa mtoto, na mkeo kaniambia, "Amua wewe, wifi, mimi nitaridhia." Watu wakisema hivyo hudhani wamekusaidia.

Mnunuzi katoa sharti moja: kioo cha mbele kiwe kizima. Chako kilipata ufa kwa jiwe la njia ya Maramba, ukauachia utambae mpaka ukafika upande wa pili, na ukiulizwa unajibu kwamba ufa haukuzuii kuona. Nami dada yako nina duka la vioo Ngamiani! Nilianza na kisu cha kukatia na meza ya kuazima, na leo nusu ya madirisha ya mtaa wetu nimeyapima kwa mkono wangu. Miaka yote nakusihi, kaka, lete nikuwekee. Na wewe, mbele ya wateja wangu: "Mishi, gari si dirisha la choo." Wakacheka. Nami nikacheka, lakini liliniingia.

Kioo nilikiagiza Mombasa, maana kimepinda, hakikatwi mezani. Kazi ikawa mpira wake, ule unaokishika kioo ukingoni. Nilipima ukingo wa gari mara mbili: mita tatu na sentimita thelathini na mbili. Mpira ulioletwa una mita tatu na sentimita ishirini na tano. Muuzaji ananiambia kwenye simu, "Mama, mpira huo unavutika." Unavutika, ndiyo. Kisha ukipigwa na jua la Tanga unarudi ulikotoka, kona zinaachia, na maji yanaingia. Nikaurudisha. Wa pili ukaja umezidi kwa sentimita mbili, na huo ndio niliokuwa nautaka, unaokaa bila kulazimishwa.

Haya. Nikachukua kisu kuukata mpira wako wa zamani. Unajua nilichokikuta.

Pamba! Pamba ya kalafati, Hamadi, imesokotwa vizuri, imelowekwa mafuta ya nazi, imeshindiliwa kuuzunguka ukingo wote, vilevile kama mjomba alivyokuwa akishindilia kati ya mbao za mashua kule Moa. Tulikaa wote wawili miguuni pake tukimsokotea. Lakini mbao ikinywa maji hufura, ikaibana pamba, mashua ikaacha kuvuja. Bati linafura lini? Pamba yako ilikunywa mvua za miaka yote ikayatunza maji palepale, na hayo mafuta yakaulainisha mpira mpaka ukawa kama ugali uliolala. Ukingo wa chini ulikuwa umeliwa na kutu, kidole changu kikapita. Fundi bodi alipoona akauliza, "Kwani marehemu alitaka kuvuka nalo Pemba?" Nilimfokea, nikamwambia marehemu hachekwi. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikacheka peke yangu, mkono mdomoni.

Akakata bati lililooza, akachomelea jipya, akalipaka rangi. Ikabaki kukitia kioo, na kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mpira unavishwa kwenye kioo, kamba ya nailoni inalazwa ndani ya mfereji wake. Aliye nje anasukuma kioo kwa viganja, aliye ndani anavuta kamba polepole ili mdomo wa mpira uukalie ukingo. Nikamwita mkeo. Akasimama mlangoni mwa gari, haingii. Nikamuuliza anangoja nini. "Nangoja gazeti. Kakako hanikalishi humu mpaka atandike gazeti." Nikamwambia mwenye magazeti hayupo, ingia.

Nilipaka povu la sabuni. Sabuni, kaka, si mafuta. Tukaanza.

"Vuta sambamba na kioo, wifi, usinyanyue!"

"Sukuma wewe, usinipigie makelele, mimi si kijana wako wa dukani."

Tukagombana kona ya kwanza mpaka ya nne. Kioo kikakaa. Nikamwaga ndoo ya maji, tone likaingia kona ya kushoto. Tukakitoa. Tukakirudisha, viganja vyangu vimewaka moto. Nikamwaga tena: kukavu. Nikamwambia ashuke tukanywe chai, na yeye kafunga mlango.

"Mwaga tena," akasema.

Nikamwaga. Maji yakateremka kwenye kioo, na yeye ndani anayatazama. Akaniambia siku uliyomchukua kwao Pangani mvua iliwaingilia kona hiyohiyo, akafika Tanga magoti yamelowa na viatu vya harusi mkononi, na wewe unamwambia hilo si kuvuja, ni gari linapumua. Akaweka kiganja kwenye mpira, pale kona ya kushoto. "Leo halipumui," akasema. Nilimwaga ndoo tatu zaidi.

Sasa unaona ulivyoniweka? Kioo nimekitia ili liuzwe, na baada ya kukitia ndiyo sijui. Nikimuuliza Zuhura tena, atasema ataridhia. Ataridhia! Hata akikatwa mkono huyo ataridhia.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Na nisikilize, maana nakujua. Wapo wanaoota wafu wao wameketi kwenye mkeka, wananukia udi, wanatabasamu tu. Sitaki tabasamu. Usinijie na utani, usinijie na mifano ya mashua. Mwali akiulizwa na shehe kama anakubali ndoa akanyamaza, huhesabiwa karidhia. Kwako sitahesabu hivyo. Njoo, sema neno lililobaki, kisha rudi ukapumzike, Mungu akupe nafasi na nuru huko ulipo. Nimekukasirikia na bado kila Ijumaa nakuombea, na nitaendelea, uwe umejibu au hukujibu.

Nami nakuahidi: ukisema uza, nitauza na hutanisikia nikilalamika tena. Ukisema usiuze, mtu wa Arusha atakunywa kahawa yake arudi kwao, na mkeo nitamfunza kuliendesha mimi mwenyewe.

Atafika Jumamosi saa nne. Nakupa mpaka alfajiri ya siku hiyo. Niuze, au nisiuze?

Dada yako,
Mishi